Wanafunzi wangu wanasoma resime, muhtasari tu, riwaya yenyewe hawaigusi

Jambo yenu, Yaya, mkubwa wetu wa ushauri.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Nilimaliza chuo cha ualimu, ISP, juzijuzi tu, na mwaka huu prefe, mkuu wetu wa shule, amenikabidhi finalisti, wale wa mwaka wa mwisho, wa Latin-Philo, mkondo wa Kilatini na falsafa. Walimu wenzangu walinipongeza, wakasema hao ndio wenye kichwa cha vitabu. Likizo nzima nilitayarisha masomo juu ya riwaya moja, Madame Bovary ya Flaubert, kwa sababu ndiyo iliyonifanya mimi mwenyewe nipende kusoma.

Sasa tuko katikati ya mwaka na nimechoka. Darasa lina watoto 46. Kitabu cha karatasi ni kimoja, changu, na kimeshaanza kuachana na jalada lake. Faili niliwatumia kwenye grupu ya WhatsApp, lakini najua hawaifungui. Niliwapa kazi ya nyumbani juu ya Emma, huyo Madame Bovary mwenyewe: elezeni tabia ya Emma na sababu za kifo chake. Karatasi zilizorudi, nyingi zina sentensi zilezile, hadi koma. Wengine wamenakili kwenye intaneti, wengine wameuliza ile akili bandia ya kwenye simu. Mmoja alisahau hata kufuta mstari wa mwisho, pale mashine inapouliza kama unataka ikuongezee mifano. Nilimpa sufuri, ingawa nilijua kwamba wenzake walimzidi uangalifu tu.

Siku moja nikawauliza kwa nini hawasomi. Msichana mmoja, ambaye kusema kweli ndiye bora darasani, akasimama kwa heshima akataja Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: "Madamu, Exetat itatupa maswali ya kuchagua jibu. Haitauliza habari za Emma. Sasa kitabu kinene hivi cha nini?" Nilibaki nimeshika chaki.

Halafu likaja la pili. Baba wa mwanafunzi mmoja, mchungaji, alikwenda kwa prefe kulalamika kwamba nawafundisha watoto uzinzi na kujiua. Prefe hakunigombeza, aliniambia tu: "Madamu, fundisha item, mwaka uishe salama." Item ndiyo yale maswali ya kuchagua jibu. Mwenzangu wa historia naye ana lake. Anasema mama wa Kizungu aliyechoshwa na bwana wake huko Normandie hawahusu watoto wa Katanga. Niwape vitabu vyetu, au angalau Germinal ya Zola, kwa kuwa sisi ni watu wa mgodi.

Yaya, nifanyeje? Nibadilishe kitabu? Niache riwaya kabisa? Au niendelee kuwasimulia hadithi ubaoni ili angalau wawe na kitu kwenye daftari?

Madamu wa Kampemba

*

Mdogo wangu,

Riwaya usiache, na kitabu usibadilishe. Badilisha maswali.

Hebu rudi kwenye kazi uliyowapa. "Eleza tabia ya Emma na sababu za kifo chake." Resime zimeandikwa ili kujibu swali hilohilo. Mtoto akionyeshwa barabara ya lami, kwa nini apite porini? Hawakukukosea adabu; walikujibu ulichouliza, tena kwa haraka. Na hilo wazo lako la mwisho, la kuwasimulia hadithi ubaoni, nalo ni resime, tofauti yake ni kwamba hii ina mwandiko wako. Mwanafunzi anarudi kwenye ukurasa pale tu jibu linapokuwa kwenye ukurasa na si kwingine.

Anza na sura ya kwanza, ambayo walimu wengi wanairuka ili wamfikie Emma upesi. Kitabu kinafunguka ndani ya darasa. Wanafunzi wako kwenye masomo, mkuu anaingia na mtoto mpya aliyetoka kijijini, mkubwa wa umbo, nguo zinambana, na kofia ya ajabu ambayo hajui aiweke wapi. Wenzake wana desturi ya kurusha kofia zao chini wakiingia. Yeye hajui, anaiweka magotini. Anaambiwa asimame, kofia inaanguka, darasa linacheka. Anaulizwa jina, anababaika, linatoka neno moja lisilosikika vizuri: Charbovari, yaani Charles Bovary, ndiye atakayekuwa mume wa Emma. Vicheko vinapanda hadi mwalimu anaadhibu darasa zima, na yeye mgeni anaandikiwa kunakili mara ishirini kitenzi cha Kilatini, ridiculus sum, yaani mimi ni kichekesho.

Wewe una darasa la Latin-Philo! Una watoto ambao wameteswa na Kilatini miaka yote, na hapa kuna mtoto wa kubuniwa anayeadhibiwa kwa Kilatini kwa kosa la kuchekwa. Soma hiyo sura kwa sauti, polepole, usifafanue lolote. Kisha uliza swali moja tu: ni nani anayesimulia? Sentensi ya kwanza inasema "sisi". Sisi gani? Ni wale wanafunzi waliocheka. Waambie watafute huyo "sisi" anapotelea wapi, maana baada ya sura hiyo haonekani tena, na hadithi inaendelea bila yeye hadi mwisho. Kwa nini mwandishi aliyejulikana kwa kupima kila sentensi aanze na sauti moja kisha aiache? Hakuna resime itakayowasaidia hapo, na ile mashine ya simu hata ikijibu, mtoto hataweza kutetea jibu lake mbele ya mwenzake aliyeshika ukurasa.

Tena kila mmoja wao amewahi kuwa ndani ya darasa lililomcheka mtoto aliyetoka Kasenga au Bukama kwa jinsi anavyosema. Usiwaambie hilo. Watalisema wenyewe.

Sasa ruka. Ndiyo, ruka, mwalimu ana ruhusa. Kitabu kina sura 35 katika sehemu tatu, na wewe huna nakala wala umeme wa uhakika. Nenda sehemu ya pili, sura ya nane, sherehe ya wakulima. Hapo ndipo ningekaa wiki mbili au tatu bila aibu. Chini uwanjani, afisa wa serikali anahutubia. (Prefe alitarajiwa lakini hakuja, akatuma mjumbe. Prefe wa mkoa ule, bila shaka, si wa shule yako.) Mjumbe anasifu kilimo, barabara, utulivu na hekima ya mfalme. Juu, dirishani pa ofisi ya mji, Rodolphe, bwana anayemtongoza Emma, amekaa naye akimwambia maneno ya mapenzi. Flaubert anakata hotuba, anaingiza mapenzi, anakata mapenzi, anaingiza hotuba, na vipande vinazidi kuwa vifupi hadi zawadi ya mbolea inatangazwa katikati ya maneno matamu ya Rodolphe.

Msimamishe kijana mmoja juu ya benchi awe mjumbe. Dirishani muweke mwingine awe Rodolphe. Wa tatu asome maelezo. Nakuhakikishia, watoto wa mji huu wanajua hotuba. Wamesimama juani wakisubiri mheshimiwa anayechelewa, wamepiga makofi wasijue ya nini. Yule wa kwenye benchi ataongeza ishara za mikono bila kuombwa. Wakimaliza kucheka, waulize: kati ya hawa wanaume wawili, nani anasema uongo zaidi? Waandike nusu ukurasa, hapohapo darasani, kwa kalamu, wakionyesha mistari. Hiyo ndiyo interro yako, jaribio lako la darasani.

Lakini mwisho wa sherehe hiyo kuna jambo ambalo ndilo linanifanya nikuambie usibadilishe kitabu. Anaitwa mama mzee, Catherine Leroux, mtumishi wa shamba. Anapanda jukwaani kwa woga, mikono yake imekakamaa kwa kazi kiasi kwamba hata ikioshwa inaonekana chafu. Anapewa medali ya fedha yenye thamani ya faranga 25. Kwa nini? Kwa miaka 54 ya kutumikia shamba lilelile. Anaiangalia, anatabasamu, anasema atampa padri amsomee misa. Basi, anashuka. Hatumwoni tena.

Watume wanafunzi nyumbani wakaulize: nani katika ukoo aliwahi kupewa medali, saa au cheti kwa miaka ya kazi? Ilikuwa kazi gani? Kitu chenyewe kiko wapi leo? Katika mji uliojengwa juu ya shaba hutakosa majibu, na mengine yatakuja na hasira ndani yake. Usiizime.

Kisha mpe mwenzako wa historia anachokitaka, maana ana haki kwa sehemu. Mwaka 1956, miaka mia moja baada ya Flaubert kuanza kuchapisha riwaya yake kwa vipande katika jarida la Paris (ilikuwa 1856), Ferdinand Oyono wa Kameruni alitoa riwaya yake, Le Vieux Nègre et la médaille. Mzee Meka ametoa ardhi yake kwa misheni, na watoto wake wawili wamekufa katika vita vya Wafaransa. Wazungu wanaamua kumpa medali tarehe 14 Julai. Anasimamishwa ndani ya duara lililochorwa kwa chokaa, juani, viatu vipya vinamwuma, haja ndogo imembana, na hawezi kutoka ndani ya lile duara. Usiku medali inampotea kwenye mvua, polisi wanamkamata katika mtaa wa Wazungu kama mhuni, na yule mzee wa heshima ya asubuhi analala korokoroni.

Weka kurasa hizo mbili kwenye meza moja. Mama Leroux na mzee Meka. Nani anapewa, nani anatoa, mwenye kupewa anafikiri nini, na mwandishi amesimama upande gani? Oyono anatuingiza ndani ya mwili wa Meka, hadi kwenye maumivu ya miguu. Flaubert anabaki nje, anatuonyesha mikono tu. Hiyo ni disertasyo, insha ya hoja, ya mwanafunzi wa daraja la juu, na haipatikani popote pa kunakili. Ndiyo maana swali la "vyao au vyetu" mimi halininyimi usingizi. Kitabu kimoja kilikaa miaka mia kikisubiri kingine kije kukijibu.

Kuhusu Germinal nina neno. Ni riwaya kubwa, ya 1885, na najua kila mtu atakushauri hivyo kwa sababu ya mgodi, na kwa sababu mwaka 1941, mwezi wa Desemba, wachimbaji waligoma hapahapa mjini na askari wakawafyatulia risasi, kama kwenye kitabu. Siku moja isome nao. Lakini mwanafunzi wako atajua tangu ukurasa wa kwanza unataka aseme nini. Atakuandikia ulinganisho kabla hajasoma. Na kuna jambo jingine linaloniudhi kidogo: nani aliamua kwamba mtoto wa Lubumbashi asome habari za mgodi tu? Ana haki pia ya kumsoma mwanamke anayechoka Jumapili mchana.

Lugha, sasa. Najua shule nyingi zinakataza Kiswahili darasani, na sikuombi ugombane na mtu. Lakini kama unataka wabishane kweli juu ya Rodolphe, waache wabishane kwa Kiswahili chetu, kile cha mitaa ya Katuba na Kamalondo. Ukurasa usomwe kwa Kifaransa, ugomvi uwe kwa Kiswahili, maandishi yarudi Kifaransa. Mtoto anayetafuta maneno ya Kifaransa ya kusema wazo lake anaishia kusema wazo dogo alilo na maneno yake. Akishalisema lote, na mwenzake akamtikisa, ndipo atakuja kukuuliza, "Madamu, hili tunaliandikaje?" Hapo una somo la msamiati ambalo hukulipanga.

Mchungaji usimkimbie. Malalamiko yake ni ya zamani kuliko yeye. Januari 1857 Flaubert alipelekwa mahakamani Paris kwa kitabu hikihiki, kwa kosa la kuharibu maadili na kudharau dini. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alijenga hoja ambayo bado ina nguvu: ndani ya kitabu chote hakuna mtu hata mmoja mwenye uwezo wa kumhukumu huyu mwanamke. Mumewe ni mjinga, padri hasikii, mfamasia ni mpiga domo. Wakili wa Flaubert, Sénard, alijibu kwamba kitabu kinaonyesha gharama ya dhambi kwa namna ya kumtisha msomaji. Tarehe 7 Februari mahakama ilimwachilia, ingawa haikukisifu kitabu. Mwaka uleule Pinard alimshtaki mshairi Baudelaire, na safari hiyo akashinda.

Fanya kesi hiyo darasani. Pande mbili, mahakimu watatu, kila hoja ishike ukurasa wake. Mwalike mchungaji akae mbele asikilize, na ukiweza mwalike na prefe. Simaanishi uwafanyie mchezo. Hoja ya Pinard ndiyo hoja ya mchungaji, na anastahili kuisikia ikitetewa vizuri na mtoto wa miaka 18. Kabla ya siku hiyo, mwonyeshe mzazi huyo kile ambacho resime zinakipitisha mbio: deni. Muuza nguo Lheureux anamletea Emma vitambaa kwa mkopo, anamsainisha karatasi, muda ukifika anamsainisha nyingine juu yake, hadi siku inapofika amri ya kulipa faranga 8,000 ndani ya saa 24. Wapenzi walimvunja moyo. Aliyemfilisi ni mfanyabiashara mwenye tabasamu. Hapa kwetu, ambapo mtu anachukua Banque Lambert, mkopo wa mtaani, kulipa minervali, karo ya shule, na mwisho wa mwezi anadaiwa karibu mara mbili, sidhani kama kuna mzazi atakayekataa mtoto wake asome sura hizo.

Sura ya sumu, ile ya Emma kujiua, hata hivyo, usiifanye igizo wala usiisome kwa sauti. Wasome wenyewe, kimya, na uwaambie mapema ni sura gani. Flaubert hakuipamba, ni ndefu na mbaya, lakini katika darasa la watu 46 hujui nani amezika nani. Mwenye kukaa nyuma baada ya kengele, kaa naye.

Exetat. Msichana wako amesema kweli nusu: item ni za kuchagua jibu, na Flaubert hatakuwemo. Ila kabla ya item kuna hors-session, awamu ya kwanza ya mtihani huohuo, na kwenye hors-session kuna disertasyo, ambayo inaandikwa kwa mkono wa mtahiniwa mwenyewe bila simu. Mwambie hivyo, usimhubirie zaidi. Na kwa prefe nenda na ofa: siku moja kwa wiki ya riwaya, siku zilizobaki item kama anavyotaka, na karatasi za wanafunzi juu ya meza yake kila mwisho wa kipindi aone wanavyoandika. Maprefe wengi hawapingi vitabu. Wanaogopa daftari tupu.

Maisha ya mwandishi, mkondo wa uhalisia (realism), orodha ya kazi zake: sentensi tatu ubaoni, basi. Alizaliwa Rouen mwaka 1821, baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, aliitumikia riwaya hii karibu miaka mitano. Wanaotaka zaidi watatafuta.

Halafu mfikishe kila mtu kwenye ukurasa wa mwisho, hata aliyeruka yote ya katikati. Emma amekufa sura tatu kabla. Charles naye amekufa. Mtoto wao, Berthe, amepelekwa kwa shangazi maskini, na shangazi amemtuma kiwandani cha pamba ajitafutie chakula. Na sentensi ya mwisho kabisa ni ya Homais, yule mfamasia, aliyepata nishani ya heshima. Tena medali! Waulize kwa nini kitabu chenye jina la mwanamke kinaanza na mumewe na kumalizikia kwa jirani. Usitoe jibu lako. Mimi ninalo langu na halifanani na la watu niliosoma nao.

Nakala: Flaubert alifariki mwaka 1880, kazi yake ni mali ya umma, na maandishi kamili ya Kifaransa yako bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Usitume faili zima, limewatisha. Kwa kuanzia kata sura tatu tu, ya kwanza, ya sherehe na ya mwisho, kila moja iwe faili lake jepesi linalopita hata kwa Bluetooth. Zile zinazosomwa darasani zipige fotokopi, moja kwa benchi, uzikusanye kila mara kengele ikilia ili zifike mwisho wa mwaka. Oyono ni habari nyingine: alifariki 2010, kitabu chake bado kina haki zake, kwa hiyo usikisambaze. Ulizia kwenye mediateki (maktaba) ya Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Kifaransa hapa mjini, au kwa wauza vitabu vya mitumba mjini, na nakala moja ikipatikana, sura ya medali isomwe kwa sauti na mtu mmoja huku wengine wakiandika yanayowagusa.